Kamanyola: reli iliyokoma chini ya mlima

Ukitoka Bukavu kwenda Uvira, ukisha kushuka kona za Ngomo unafika Kamanyola. Malori iko, pikipiki iko, soko iko. Treni haiko. Zamani ilikuwako.

Tangu 1931, reli ya kilomita 94 ilitoka Uvira, ikafuata uwanda wa Ruzizi mpaka Kamanyola. Ilishusha pamba ya wakulima wa uwanda na kahawa ya milimani mpaka bandari ya Kalundu, mali ipande meli ya ziwa Tanganyika. Lakini Bukavu haikufika hata siku moja. Kila mzigo wa Bukavu ulipaswa kushushwa kwenye lori na kupakiwa tena kwenye behewa, na kazi hiyo ndiyo ililisha watu wa kituo.

Kisha malori yakaanza kwenda moja kwa moja mpaka ziwani. Mwaka 1958 reli ikafungwa. Wapakizi walikosa kazi. Mwenye shamba alibaki na jembe yake, na mpaka leo uwanda unalimwa.

Ndugu mchimbaji, shimo nalo linafungwa siku moja. Shamba ya nyumbani, uliiachia nani?