KANSERE INATAFUTA DAMU



Anayefanya kazi chini ya udongo anajua jambo hili: mashine ya hewa ikisimama, watu wanapanda juu na kazi inakufa. Munganga mmoja wa Marekani aliona kwamba kansere nayo haiwezi kuendelea mbele bila njia ya kupitishia hewa na chakula. Jina lake ni Judah Folkman, aliyezaliwa mwaka wa 1933 na kufa mwaka wa 2008.

KANSERE NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe za zamani zinakufa, mpya zinazaliwa, kila kitu kwa mpango. Chembe moja ikiacha mpango huo, inazaa na kuzaa bila kusimama. Ndipo uvimbe unatokea. Lakini hata chembe hizo mbaya zinataka chakula na hewa, na vyote viwili vinaletwa na damu.

UVIMBE ULIOSIMAMA

Miaka ya 1960, Folkman alifanya kazi katika jeshi la majini la Marekani. Jeshi lilitafuta maji ya kushika nafasi ya damu, yanayoweza kukaa muda mrefu ndani ya meli. Ili kuyajaribu, Folkman na mwenzake walitoa tezi ya shingo ya mnyama, wakaiweka katika chupa na kupitisha maji hayo ndani yake. Kisha wakatia chembe za kansere. Zikakua mpaka milimita 1 au 2, kama punje ya ulezi, zikasimama. Lakini hazikufa: walipozitia katika panya hai, zilikua kwa haraka.

Kwa nini? Ndani ya panya, mishipa mipya ya damu iliota na kuufikia uvimbe. Ndani ya chupa haikuota. Mwaka wa 1971 Folkman aliandika kwamba uvimbe wenyewe unatuma ujumbe wa kuita mishipa, na kwamba ujumbe huo ukizuiwa, uvimbe utabaki mdogo.

Wataalamu wengi hawakumsadiki. Yeye hakuacha. Mwaka wa 1989 Napoleone Ferrara na wenzake walitambulisha ujumbe mmoja wa namna hiyo, unaoitwa VEGF. Mwaka wa 2004 Marekani ilikubali dawa ya kuuzuia, bevacizumab, kwa kansere ya utumbo mpana. Ilikuwa imepita miaka 33.

Dawa hiyo si muujiza. Mara nyingi inaongeza muda wa kuishi tu, maana uvimbe unaweza kutafuta njia nyingine. Tena inaweza kuleta kutokwa damu, na vidonda kuchelewa kupona.

ASKARI WA MWILI

Damu yetu ina askari wake, chembe nyeupe. Askari hao wana freni, wasije wakashambulia mwili wenyewe. Kansere ina ujanja: inakanyaga freni hiyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walionyesha namna ya kuifungua, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2018.

Hapo kazi mbili zinakutana. Mishipa ya uvimbe imepindapinda na inavuja, askari hawapiti vizuri. Tena VEGF inawalegeza. Basi wanganga walijaribu kutoa dawa mbili pamoja: moja ya kuzuia VEGF, nyingine ya kufungua freni. Mwaka wa 2020 yalitangazwa matokeo kwa wagonjwa 501 wa kansere ya ini ambayo haikuweza kupasuliwa. Katika waliopata dawa hizo mbili, karibu 67 kwa 100 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Katika waliopata dawa ya zamani, 55 kwa 100.

NA SISI TUFANYE NINI?

Dawa hizi ni za bei kali sana. Kansere ya ini tunaweza kuipiga vita mapema, kabla ya kuhitaji dawa hizo:

– Mama, peleka mtoto apate chanjo akiwa na majuma 6, 10 na 14. Ndani yake mna kinga ya hepatiti B, ugonjwa unaoharibu ini.

– Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumu ya ini. Kausha vizuri, weka mahali pakavu, tupa zilizooza. Kuzipika hakuondoi sumu.

– Baba, punguza pombe, acha tumbako. Mahali pa vumbi la mawe, vaa kinga ya pua na kunyunyizia maji: vumbi hilo pia linaleta kansere ya mapafu.

– Anayekuuzia chupa moja ya kuponya kansere zote, anakudanganya.

Ukiona uvimbe, kikohozi kisichokwisha, damu katika choo, au unakonda bila sababu, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda lopitali sasa, uvimbe ungali mdogo.