Masala Kulangwa na Bibi Kizee: Uhusiano Uliosahauliwa katika Ngano ya Shing'weng'we

Ngano ya Wasukuma kuhusu Shing'weng'we kwa kawaida hufasiriwa kama pambano la wahusika wawili: zimwi lililomeza watu wote, na Masala Kulangwa, mwana wa mwanamke mjamzito aliyesalimika kwa kujificha. Kijana analiua zimwi, analipasua tumbo, na watu wanatoka hai. Hata hivyo, katika toleo lililozoeleka msuko hauishii hapo. Kisu kinamkata sikio bibi kizee aliyekuwa tumboni. Naye anakasirika na kutaka kumroga kijana. Masala Kulangwa anatafuta dawa na kumponya. Ndipo watu wanapomfanya mtemi.

Mpangilio huo una maana. Iwapo ushujaa ungetosha, utemi ungefuata mara tu zimwi lilipokufa. Badala yake, unasubiri hadi mkombozi awajibike kwa jeraha alilolisababisha mwenyewe. Aidha, ngano haikanushi uwezo wa bibi wa kudhuru. Inaijibu hasira yake kwa tiba.

Fasiri hii ina uzito wa pekee Shinyanga na Geita, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi baada ya ramli, wengine wakishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali moshi wa jikoni hutosha kuyafanya hivyo. Muuaji huweza kujiona shujaa aliyeangamiza zimwi. Ngano yenyewe haimpi hifadhi hiyo, kwa kuwa imewatenganisha wahusika hao waziwazi: zimwi huuawa, bibi hutibiwa.