Ndege Nyuki za Mikorosho: Nguvu ya Mota Pekee Haitoshi

Wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, wanaokusudia kununua kwa pamoja ndege nyuki ya kunyunyizia viuatilifu wanashauriwa wasitazame nguvu ya mota pekee. Mota kubwa hubeba tangi kubwa, na upepo wa pangaboi zake husukuma dawa hadi ndani ya matawi ya mikorosho mikongwe. Lakini humaliza betri upesi, na kazi ikisimama asubuhi, upepo ungali umetulia, ubwiriunga hausubiri. Pengine fedha hizo zinunue betri za akiba na jenereta. Tangi hilo ni la viuatilifu vya maji, si salfa ya unga. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kipatikane kabla ya kuirusha.