Mkandaji, hesabu na muda wako

Pwani na visiwani, mzazi hukandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi hadi atimize siku 40. Kazi hii ina wateja, lakini mkandaji anayejitegemea anaweza kumaliza mwezi bila akiba.

Tatizo ni kuhesabu mafuta tu. Tuseme mteja analipa Sh10,000. Toa mafuta Sh1,500, nauli Sh2,000 na sabuni ya kufulia kanga na taulo Sh500. Zinabaki Sh6,000. Ikiwa kazi na njia zimechukua saa tatu, umelipwa Sh2,000 kwa saa. Ukipanga wateja wawili wa mtaa mmoja siku hiyohiyo, nauli inagawanyika na kila mmoja anakuachia Sh7,000. Andika yote kwenye daftari.

Mafuta unaweza kujitengenezea nazi zinaposhuka bei. Hakikisha maji yamekauka kabisa, vinginevyo yatachacha na kukupotezea mteja.

Kabla ya kukanda, uliza hali yake. Aliyepasuliwa, usiguse tumbo wala kidonda. Mwenye homa, au mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma, usimkande kabisa. Huenda damu imeganda mguuni, na bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Apelekwe hospitali mara moja.

Siku hiyo utakosa Sh10,000. Lakini mama akipona, nyumba ile haitaita mkandaji mwingine.