Kabla ya Kuunywesha Mmea, Jua Kwao

Ua la Usambara huenda unalijua kwa sura hata kama hulijui kwa jina: mmea mfupi wenye majani ya mviringo yaliyojaa vinyweleo, na maua ya zambarau, ya waridi au meupe yaliyokusanyika katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, alilipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalitangaza kwa wanasayansi kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limekuwa ua la madirishani Ulaya na Marekani, na aina zilizozalishwa na wakulima wa maua zimefika maelfu. Ndugu zake wa mwituni bado wapo katika misitu ya Usambara, Nguru na Uluguru, ingawa baadhi yao wako hatarini kutoweka kwa sababu miti inayowapa kivuli inakatwa.

Ukiliona kwao, utaelewa kwa nini linakufa sebuleni kwako. Huota kwenye nyufa za miamba chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua kali halifiki lakini mwanga upo mchana kutwa. Udongo wake ni majani yaliyooza, tena kidogo tu. Ukungu wa mlimani huulowesha udongo huo, na maji yanayozidi huteremka na mwamba bila kutuama. Sisi tunalinunua, tunalipanda kwenye udongo mzito wa shambani, tunaliweka kwenye kona yenye giza kando ya televisheni, kisha kila asubuhi tunalimwagia maji ya baridi juu ya majani. Yote hayo ni kinyume na lilivyozoea. Hata matone hayo ya baridi yanatosha kulidhuru, kwani yakianguka kwenye jani lake huacha mabaka yaliyopauka ambayo hayafutiki tena.

Linataka dirisha lenye mwanga usio na jua la mchana, udongo mwepesi, na maji ya joto lile lile la chumba. Ulinyweshe kutoka chini: weka chungu ndani ya beseni lenye maji kidogo kwa nusu saa, kisha kitoe kichuruzike. Hupenda joto la kati ya nyuzi 18 na 24, kwa hiyo Lushoto, Arusha, Iringa na Nairobi linastawi vizuri. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeanza, simshauri aanze nalo. Joto la Februari litalitesa, naye atadhani kosa ni lake.

Kwa mmea wowote, swali langu la kwanza ni hilo hilo: kwao ni wapi, na huko unaishije? Jibu lake hukupa mahali pa kuuweka na ratiba ya maji kabla hujafungua kitabu chochote.

Chukua mmea ambao wauza maua huuita ZZ, kwa jina la kitaalamu Zamioculcas zamiifolia. Nao ni wa kwetu. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hadi Afrika Kusini. Wanasayansi waliujua tangu karne ya 19, lakini haukuenea madukani hadi miaka ya 1990, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi. Ukiutoa kwenye chungu na kupukuta udongo, utakuta viazi vigumu vya rangi ya kahawia vilivyojaa maji, na mizizi minene imevizunguka. Hiyo ndiyo akiba yake ya kiangazi, kwa sababu huko unakoota mvua hukatika kwa miezi. Mmea wa namna hiyo ukinyweshwa kila siku, viazi huanza kuoza huku majani yakiwa bado yanang'aa. Baadaye majani hugeuka manjano, mwenye mmea hudhani ni kiu, na huongeza maji. Mimea mingi ya ndani niliyoitwa kuiangalia ilikuwa imeuawa hivyo, kwa huruma. ZZ inyweshwe mara moja kila baada ya wiki mbili au tatu, na kipindi cha baridi hata mwezi mzima si tatizo.

Sansevieria, ule mkonge wa ndani wenye majani marefu yaliyosimama na mabaka ya kijani, hutoka Afrika Magharibi hadi Kongo, nao huvumilia ukame. Hufunga vitundu vya hewa vya majani yake mchana ili usipoteze maji, na kuvifungua usiku. Siku hizi wataalamu wameuweka katika jenasi moja na masale. Naam, masale yale yale ya Kilimanjaro, ambayo Wachaga huyapanda mipakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, na humpelekea mtu jani lake wakati wa kuomba msamaha. Ulaya hukatwa vigogo, vigogo huchipua, na mmea huuzwa kama pambo la ofisi.

Masale yana udhaifu ambao wakazi wa Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru wanapaswa kuujua: hayapatani na floraidi. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za huko yana floraidi nyingi, ile inayoyapa meno rangi ya kahawia. Mmea huinyonya pamoja na maji, ikapanda hadi kwenye ncha za majani. Maji huvukia hewani, floraidi hubaki na kujilimbikiza, na ncha hukauka na kuwa kahawia. Watu hukata ncha hizo kwa mkasi kila mwezi bila kugusa chanzo. Kuchemsha maji hakusaidii, kwani yanayopungua ni maji na floraidi inabaki pale pale. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, uyatumie kwa masale na jamaa zake. Majani yaliyokwisha kuungua hayatapona, ila mapya yatatoka safi.

Sasa mwanga, ambao naona ndio unaoamua zaidi kuliko maji na mbolea. Vitabu vingi vya mimea ya ndani vimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali, nao husifu dirisha linalotazama kusini kwa sababu kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Ushauri huo unamfaa Mswahili anayeishi London au Minneapolis. Tena huko, ifikapo Desemba, asogeze mimea karibu zaidi na kioo na apunguze maji, kwa sababu mchana ni mfupi na mmea karibu haukui. Kwetu, karibu na ikweta, jua la saa sita hupita juu ya paa. Dar es Salaam mwezi wa Juni huegemea kaskazini, na mwezi wa Desemba huegemea kusini, lakini nyakati zote liko juu sana kiasi kwamba ukingo wa paa au baraza hulizuia lisiingie ndani. Kwa hiyo madirisha ya kaskazini na kusini hutoa mwanga mpole. Dirisha la mashariki huingiza jua la asubuhi, nalo mimea mingi hulipenda. La magharibi ndilo la kuliogopa, maana jua la saa tisa huja kali na huja la ubavuni, likaunguza majani ya mimea ya msituni kwa siku chache tu. Hapo weka mshubiri.

Nyumba zetu nyingi zina giza kuliko tunavyodhani. Kuna baraza, kuna nondo, kuna wavu wa mbu uliojaa vumbi, kisha mapazia mazito ambayo hayafunguliwi mpaka mgeni aje. Jicho la mtu huzoea na kuona pako sawa, lakini mmea hauna namna ya kuzoea hivyo. Kipimo ni rahisi. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha mkono juu yake kwa urefu wa rula moja. Kivuli kikiwa na kingo kali na vidole vikihesabika, mwanga ni mwingi. Kikionekana kama mkono lakini kingo zimefifia, hapo ni pa mimea ya msituni: ua la Usambara, pothosi, monstera. Ukiona weusi hafifu usio na umbo, ZZ na sansevieria zitavumilia bila kukua sana. Usipoona kivuli kabisa, hakuna mmea utakaoishi hapo. Kama ni lazima kona hiyo iwe na kijani, nunua ZZ mbili zipokezane: moja ndani, nyingine barazani kwenye kivuli, ukizibadilisha kila baada ya wiki mbili.

Kitaluni, kabla hujalipa, geuza jani uangalie chini yake. Vidung'ata huonekana kama chembe za pamba kwenye pembe za vikonyo, na utitiri huacha utando mwembamba sana pamoja na vidoa vilivyopauka juu ya jani. Rudisha mmea huo na uchague mwingine. Hata ulio mzima, utenge na wenzake kwa wiki mbili nyumbani, kwa sababu mayai ya wadudu hayaonekani kwa macho. Kama vidung'ata vimeshaingia, vifute kimoja kimoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti, urudie kila wiki mpaka viishe.

Udongo wa shambani peke yake hugandamana ndani ya chungu na kuikosesha mizizi hewa. Mchanganyiko ninaouamini ni sehemu moja ya udongo mwekundu, moja ya samadi iliyooza kabisa, na moja ya kitu cha kuulegeza: maganda ya mpunga, chenga za mkaa au nyuzi za makumbi. Wa pwani wawe waangalifu na makumbi. Yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na lazima yalowekwe kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na kubadilishiwa maji mara kadhaa. Mchanga nao uwe wa mtoni, usiwe wa baharini. Chungu chochote kinafaa, hata ndoo ya rangi, ilimradi kina matundu chini. Kokoto za chini hazichukui nafasi ya matundu, kwani maji hutuama juu yake hivyo hivyo.

Kuhusu kunywesha, usitegemee kalenda peke yake. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kwa mimea ya msituni, isipokuwa ua la Usambara linalonyweshwa kutoka chini, ukikuta pakavu hapo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Hilo la kumwaga si la mmea pekee. Mbu wa Aedes anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji kidogo ya namna hiyo, na mtoto wake hukua mpaka kuruka kwa siku saba hadi kumi hivi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019. Pothosi inayooteshwa kwenye chupa ibadilishiwe maji mara mbili kwa wiki, na chupa isuguliwe ndani, maana mayai hung'ang'ania ukutani.

Wanaotaka sebule iliyojaa kijani huwa wananunua vyungu kumi na viwili na kuvitawanya kila pembe. Nionavyo mimi, mimea mitano iliyokusanywa kwenye dirisha moja zuri hupendeza zaidi. Weka mmoja mrefu sakafuni, kama masale au monstera, ya kimo cha kati juu ya stuli, na pothosi juu ikining'inia. Ikikaa pamoja huongezeana unyevu, jambo linalosaidia sana Nairobi na Dodoma ambako hewa ni kavu, na katika vyumba vyenye kiyoyozi. Kupulizia majani maji hakubadilishi unyevu kwa zaidi ya dakika chache. Afadhali kuyafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, isipokuwa yale yenye vinyweleo, ambayo husafishwa kwa brashi laini.

Msinunue mimea kwa kuambiwa itasafisha hewa ya nyumba. Madai hayo yametokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa ili mimea ishindane na uingizaji wa kawaida wa hewa ndani ya jengo, ingehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha. Mmea unatosha kupendwa kwa sababu ni mmea.

Wenye watoto wadogo wajue kwamba ZZ, pothosi, monstera na difenbakia ni za ukoo mmoja na gimbi, na utomvu wake una chembe zile zile zinazowasha mdomo na koo mtu akila gimbi bichi. Zikae juu, mbali na mikono ya watoto, na mkataji anawe mikono.

Ua la Usambara lenyewe, tafadhali, lisichimbwe msituni. Kila linalong'olewa hupunguza yaliyobaki. Muombe jirani jani moja zima kutoka safu ya katikati ya mmea wake. Likate likiwa na kikonyo cha sentimita tatu, lichomeke kwa mshazari kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji, kisha ulifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa. Liweke kwenye mwanga bila jua. Baada ya miezi miwili hivi vichipukizi hutokea kwenye shina la jani, mara nyingi zaidi ya kimoja. Visubiri vifike ukubwa wa sarafu, uvitenganishe, na kila kimoja ukipe kopo lake.