Mboga Nyuma ya Nyumba, Miwa Mbele ya Mlango

Anayeshuka basi Kidatu akitokea Mikumi hukutana na miwa kabla hajakutana na watu. Imeshika pande zote mbili za daraja la Ruaha Mkuu, ikaandamana na barabara ya kwenda Ifakara, na mahali pengine mstari wake wa mwisho uko hatua chache tu kutoka kwenye jiko la mtu. Sukari imekuwa kazi ya bonde hili la Kilombero tangu miaka ya 1960. Kampuni ya Illovo ilipochukua kampuni ya sukari ya Kilombero mwaka 1998 wakulima wadogo walizidi kuingia kwenye miwa, na upanuzi uliotangazwa mwaka 2021 ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka tani 127,000 za sukari kwa mwaka hadi tani 271,000. Miwa ya ziada haioti hewani. Inahitaji ardhi, na ardhi ya bonde hili ina mwisho, kwa kuwa upande mmoja umezuiwa na milima ya Udzungwa.

Miwa ina tatizo moja ambalo mpunga hauna: hailiwi kama mlo. Hukaa shambani karibu mwaka mzima, ikavunwa, ikapimwa, ikasubiriwa malipo. Mwenye shamba hupata fedha kwa mkupuo, lakini watoto wanakula kila siku. Kibarua wa kukata naye ana msimu wake. Masika ikikolea, kati ya Machi na Mei, njia za mashambani huwa tope tupu na kiwanda husimama. Bahati mbaya, hiyo ndiyo miezi ambayo mpunga bado uko shambani na debe la mwaka jana limeshafika chini.

Ndiyo maana kipande cha ardhi kilichobaki nyuma ya nyumba Kidatu, Mkamba, Sanje na Mang'ula kina thamani kuliko ukubwa wake. Hakimtajirishi mtu. Kinachofanya ni kuziba matundu madogo ambayo fedha hupotelea bila mtu kujua: fungu la mchicha leo, nyanya tatu kesho, mayai mawili ya mgonjwa keshokutwa.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1974, baada ya ukame na uhaba wa chakula, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata watu wa ofisini na viwandani wakashika majembe. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haumalizi wiki mbili, kila mfanyakazi alikuwa na "mradi" wake, na mara nyingi mradi huo ulikuwa na manyoya. Wala si Watanzania peke yao. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali iliwahimiza watu walime mboga kwenye bustani za nyumbani, na aliyefuga kuku aliweza kuacha mgao wake wa mayai akapewa mgao wa chakula cha kuku badala yake. Dola kubwa nayo ilifika mahali pa kuhesabu mayai.

Turudi uani. Bustani ya Kilombero ina nyuso mbili, na anayetumia mpango mmoja mwaka mzima hujuta. Wakati wa masika adui ni maji. Matuta huinuliwa juu, nyanya hushambuliwa na ukungu hadi zikakatisha tamaa, na mwenye busara huziacha akategemea matembele, majani ya maboga na kisamvu, ambavyo mvua huvinenepesha. Matembele hayahitaji hata mbegu. Ni kukata marando ya jirani, kuyalaza ardhini na kuyafukia. Kiangazi kikija mambo hugeuka: tuta huzamishwa chini kama sahani ili maji yasikimbie, udongo hufunikwa kwa nyasi kavu, na maji ya kuoshea mchele humwagwa kwenye mashina badala ya kutupwa njiani. Mchicha uliopandwa hivyo huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Ukikatwa juu badala ya kung'olewa, huchipua tena.

Asiye na eneo hutumia gunia. Katikati huweka nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, pembeni hujaza udongo uliochanganywa na samadi, kisha hutoboa matundu ubavuni na kupanda humo. Gunia moja lililosimama kando ya mlango linatosha mboga ya kuongezea wali, na kuku halifikii kirahisi.

Kuku ndiye mgogoro mkubwa wa uani. Huyo huyo anayetoa samadi ndiye anayefukua mbegu, na akimaliza kwenu huvuka kwa jirani. Kesi ya kuku aliyeharibu bustani huweza kufika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na wazee huisikiliza kwa uzito wake, maana mbegu ikishaliwa msimu umepotea. Wengine hufungia kuku wakati wa kupanda, wengine huzungushia bustani matete au vyandarua vilivyochakaa. Samadi nayo ina masharti. Ikitoka bandani mbichi huunguza mimea, kwa hiyo hurundikwa pamoja na majani makavu, ikaachwa mwezi na zaidi hadi ipoe na kunukia udongo.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, akaatamia siku 21, kisha akalea vifaranga miezi miwili au mitatu bila kutaga. Kwa mwendo huo mizunguko haizidi mitatu hivi kwa mwaka. Wafugaji wenye mkono mzuri huupunguza muda huo kwa mbinu isiyo na gharama. Tetea wa kwanza akianza kuatamia, mayai yake huondolewa, yakahifadhiwa mahali penye ubaridi, naye akaachiwa yai viza la kumdanganya. Wenzake wawili wakiingia kwenye viota, wote hupewa mayai mazuri siku moja. Vifaranga huanguliwa pamoja, mama mmoja akakabidhiwa wote, na wale wawili wakarudi kwenye kutaga mapema. Vifaranga hufunikwa kwa tenga wiki za mwanzo, kwa sababu mwewe wa Kilombero hana huruma na kicheche hachagui usiku.

Lakini hesabu yote hiyo hufutwa na mdondo, ambao wengi huuita kideri. Hupenda kuingia kiangazi kikiwa kikali. Kuku huharisha kijani, shingo hupinda, mabawa hushuka, na ndani ya siku chache banda la kuku 30 hubaki na wawili. Dawa ya kuuponya hakuna. Mshubiri na pilipili kwenye maji, ambavyo bibi zetu walitumia, havimzuii kirusi huyu, na ni afadhali kulisema hilo wazi kuliko kulizungukazunguka. Kinachozuia ni chanjo. Ile ya I-2 inayostahimili joto, ambayo mbegu yake ilitengenezwa Australia, huzalishwa hapa hapa Tanzania. Hutiwa tone moja kwenye jicho moja la kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa chupa moja inatosha kuku wengi kuliko alio nao mtu mmoja, nyumba kadhaa huchangia na kuchanja asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa. Gharama ya tone ni ndogo sana. Kazi ni kukubaliana siku.

Chakula cha kuku hawa hakinunuliwi chote. Bonde la mpunga lina mashine za kukobolea kila penye makazi, na kila mashine huacha mali tatu: mchele, chenga na pumba. Pumba laini ndiyo ya kuku. Maganda magumu hayana lishe na hufaa kutandikwa bandani. Kuongezea nguvu, watu huwapa mchwa, majani ya mlonge na vichwa vya dagaa. Chenga kuku huzigombea na binadamu, maana hizo hizo hulowekwa usiku, zikasagwa na kuwa vitumbua vya asubuhi.

Jikoni ndiko ubanaji unakoonekana vizuri zaidi. Wali uliobaki usiku hukaangwa kwa kitunguu, ukaliwa na chai. Majani ya kunde, yanapokuwa mengi hadi hayana bei, huchemshwa kidogo, yakaanikwa kivulini na kuwekwa kwa ajili ya miezi mikavu. Kambale na kitoga wa mto Kilombero hubanikwa kwa moshi, na kipande kimoja kikivunjwavunjwa kwenye nazi huunga chungu kizima cha matembele. Yai si la kila siku. Hutunzwa kwa mtoto, mgonjwa, au kiota. Jogoo ana kalenda yake: Januari shule zinapofunguliwa, yeye ndiye daftari na sare.

Kazi yote hii ina mwenyewe, na kwa nyumba nyingi ni mama na watoto. Mayai na kuku huhesabiwa kuwa vya mama hadi siku kuku wanapofika 40. Hapo baba naye huanza kuulizia bei. Uani hupunguza matumizi ya fedha, lakini saa zinazotumika kumwagilia, kuchota na kulinda haziandikwi popote.

Kuna kitu kimoja ambacho hakioti uani: nishati. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wakazi wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Tangu hapo wengine wamepanda miti yao, wengine wamejenga majiko banifu ya udongo, na wengine hununua mkaa. Ili kubana kuni na mkaa, maharage hulowekwa tangu jana, yakatokota vizuri, kisha sufuria ikafungwa ndani ya kapu lililojazwa matambara hadi yaive kwa joto lake. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imeshaingia Kidatu na Ifakara, lakini mara nyingi hupikia chai na kupashia kiporo. Ugali wa watu wanane bado unasongwa kwenye mafiga.