Midia: Maji ndiyo hupanga soko la ng'ombe

KOBOKO, Uganda – Mfanyabiashara anayefuata ng'ombe Midia, katika Wilaya ya Koboko, hana budi kujua njia za maji kabla hajauliza bei.

Magharibi mwa eneo hili kuna mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Afrika. Mvua inayonyesha mashariki yake huingia mito kama Kaya na Kochi, kisha Nile. Inayonyesha magharibi huelekea Uele na hatimaye Mto Kongo. Mgongo huo ndio wakoloni walioufanya mpaka wa Uganda na Kongo. Upande wa kaskazini, sehemu ya mpaka na Sudan Kusini hufuata Mto Kaya.

Hadi 1910 nchi hii ilikuwa ndani ya Lado, milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ikahamishiwa Sudan, na mwaka 1914 ikaingizwa Uganda. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu, lakini malisho na visima vikabaki palepale.

Mvua huanza Machi au Aprili na kwisha Novemba. Miezi hiyo nyasi ni tele na ng'ombe hunenepa, ila njia za udongo huharibika na vijito hujaa. Kuanzia Desemba vijito vidogo hukauka, na mifugo hukusanyika penye maji yaliyobaki. Hapo mnyama hukonda, na mfugaji huuza kwa bei ya kukubali tu.

Hatari iko hapohapo. Makundi yanayokunywa bwawa moja huambukizana ugonjwa wa miguu na midomo kwa urahisi. Ukithibitishwa, serikali huweka karantini, minada hufungwa, na aliyekwisha kulipa hubaki na ng'ombe asioweza kuwasafirisha, huku akiwalisha kwa fedha zake.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Pande zote tatu sasa ni jumuiya moja, lakini uanachama haumwondolei mnunuzi wajibu wa kupata kibali cha daktari wa mifugo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa arubuni, ni vema kumwuliza ofisa mifugo wa wilaya kama kuna karantini, na kumwuliza muuzaji ng'ombe wake wamenywea wapi.